Mti Hudumu, Ngozi Ndiyo Hulisha

Fomu ilikuwa na kurasa nne, na tulikwama ukurasa wa kwanza.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya kibanda cha mjomba wangu, Picha ya Ndege, Kibaha, hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro. Miguuni petu palikuwa na ndoo mbili za plastiki zenye ngozi za mbuzi zilizolowekwa tangu jana yake. Binamu yangu, binti wa mjomba, ndiye katibu wa kikundi cha akina mama kilichokuwa kinaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka uliofuata, na binamu alikuwa ameisubiri muda wote huo. Mimi niliitwa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

“Aina ya biashara,” nikasoma, na bila kufikiri nikaandika: Sanaa.

Mjomba ana miaka zaidi ya sabini na sikio lake la kushoto limechoka, lakini macho yake ni mazima. Aliinama akatazama. “Futa hiyo. Sanaa ni wale wanaocheza.”

“Niandike useremala, mjomba?”

“Seremala anatengeneza kitanda. Kitanda kinalia?”

“Ngoma za asili?”

“Hilo ni jina la kitu. Hapo wameuliza kazi.”

Binamu alicheka, lakini mzee hakucheka. Alichukua ngozi moja ndani ya ndoo, akaikamua, akairudisha. Siku hiyo hatukujaza fomu. Nilirudi nyumbani nayo ndani ya bahasha, na kwa majuma mawili mstari ule mmoja ulinisumbua. Mimi ni mwalimu wa historia. Najua mwaka wa Mkutano wa Berlin na mwaka wa Azimio la Arusha. Historia ya kazi iliyonilipia ada ya shule sikuwa naijua. Nilianza kuiulizia, kwanza kwake yeye mwenyewe, kisha kwa wazee wa upande wa mama kule Kisarawe, kisha kwenye vitabu.

*

Kazi hii haikuanzia Kibaha. Ilianzia Maneromango, ndani kabisa ya Kisarawe, kwa babu mzaa mama.

Msomaji asiye wa Pwani inafaa ajue kwamba kwa Mzaramo ngoma si kitu kimoja. Kuna ngoma ya kutoa mwali, kuna ya harusi, kuna ya tambiko na uganga, kuna ya vijana kujionyesha tu. Mdundiko ni ngoma ya njiani: wapigaji wanatembea, watu wanafuata, na mtoto aliyefuata mdundiko bila kuangalia nyuma hujikuta kijiji cha tatu hajui njia ya kurudi. Kila mama wa Kizaramo amewahi kumtisha mwanawe kwa hilo. Ngoma zenyewe, yaani vyombo, nazo zina majina na kazi zake: chapuo ni ndogo na kali, vumi hunguruma chini, msondo ni ndefu na sauti yake inaenda mbali.

Babu alichonga zote. Alichonga pia mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti chenye kichwa cha vishungi viwili na mwili usio na mikono, ambacho mwali alipowekwa ndani alikilea kama mtoto. Tezo ilikuwa ileile kwa ngoma, kwa mwana hiti na kwa mchi wa kutwangia. Leo mwana hiti wa zamani wamo kwenye makumbusho ya Ulaya, na kibao chini yake mara nyingi huandikwa kabila tu: Wazaramo. Jina la aliyeshika tezo halimo.

Nilimuuliza mjomba babu alilipwa nini. Alinijibu kwa swali: “Ulitaka alipwe mara ngapi?”

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Ngoma iliyochongwa vizuri inaishi. Mti ukiwa mkavu, ukachomwa ndani kidogo, ukapakwa mafuta, utamzika aliyeuchonga. Kwa hiyo kijiji kikishapata ngoma zake, mchongaji hana mteja tena. Babu akichonga ngoma nzuri alikuwa anajifungia mlango. Malipo ya kuchonga yalikuja mara moja, kuku kadhaa, mchele, kipande cha kaniki, baadaye pesa, kisha yakaisha.

Ngozi haiishi. Ngozi inapigwa, inaota jua, inanyeshewa, inapasuka. Kila msimu wa ngoma, baada ya mavuno, watu walileta ngoma zao kwa babu ziwambwe upya. Kuwamba ndiko kulikomlisha. Alikuwa na shamba la mihogo na mikorosho kama watu wote, lakini chumvi, mafuta ya taa na nguo za Idi zilitoka kwenye ngozi.

“Watu humwita mchonga ngoma,” mjomba alisema, “kwa sababu mti unaonekana. Lakini mti hudumu. Ngozi ndiyo hulisha.”

Kiswahili, nikagundua, kilikuwa kinajua hilo kabla yangu. Methali haimtaji mchonga ngoma. Inasema mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Tunaitumia kumsema mtu mwenye choyo. Nilipomkumbusha mjomba, alisema methali ile ina ukweli wa kazi ndani yake: usipoivuta ngozi kwako haikazi, na isipokaza hailii.

*

Katika vitabu nilianza na Mtoro bin Mwinyi Bakari. Huyu alikuwa mtu wa kwetu, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin, na maandishi yake ndiyo kiini cha kitabu Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Kina sehemu ndefu juu ya ngoma za Pwani. Ukisoma maandishi ya zama zile unaona jambo moja: ngoma ilikuwa na gharama. Mwenye shughuli alipika, aliwatuza wapigaji, na katika miji ya kikoloni alihitaji pia kibali. Kwa mtawala ngoma ilikuwa kelele ya kudhibitiwa. Kwa mwenye shughuli ilikuwa heshima ya kununuliwa. Kwa babu ilikuwa kazi, na huyo wa tatu ndiye asiyepata nafasi kwenye karatasi za mtu yeyote.

Uhuru ulibadilisha maneno. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na ngoma, ambayo mkoloni aliiona ushenzi, ikawa urithi wa taifa. Vikundi vikaitwa uwanjani kupokea wageni. Radio Tanzania ikatanguliza taarifa ya habari kwa ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, yule mpigaji asiyeona, na watu wa umri wangu hata leo wakisikia mdundo ule husogea karibu na redio. Mjomba anasema babu alikuwa akiinua kidole kila zilipoanza. “Sikiliza,” alikuwa akisema, “ngozi ile imewambwa na mtu.”

Mjomba aliondoka Maneromango mwanzoni mwa miaka ya 1970, kijana, na tezo moja ya baba yake kwenye mfuko wa katani. Alikwenda Dar es Salaam kwa sababu Dar es Salaam ilikuwa inacheza dansi.

Hapa ndipo historia ya familia yangu inapokutana na historia ambayo kila mtu anaijua, ila kwa mlango wa nyuma. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Ilibadilisha jina mara kadhaa kadiri chama kilivyobadilika, ikawa Juwata, ikawa OTTU, na leo watu wanaiita Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la teksi na usafirishaji, TTTS, na mwaka 1983 ikahamia shirika la maendeleo la jiji, DDC. Mtindo wake ni Sikinde, ngoma ya ukae, na ukae ni neno la Kizaramo lenye maana ya nyumbani. Msondo na Sikinde, mahasimu wakubwa wa dansi nchini, wote wawili wamechukua majina ya ngoma za Uzaramo. Jiji zima lilikuwa linabishana Jumamosi usiku kwa majina yaliyotoka kwenye vijiji vya Kisarawe, na wengi wa waliobisha hawakulijua hilo.

Mjomba alilijua. Alisimama nje ya kumbi akisikia majina ya nyumbani yakitajwa kwenye vipaza sauti, na alikuwa na njaa.

Alipata kazi kwa bahati. Mpiga tumba wa bendi moja alipasukiwa na ngozi siku ya onyesho, na ngozi za kutoka nje zilikuwa hazipatikani. Mtu akasema kuna kijana wa Kizaramo anawamba. Mjomba akaletewa tumba mchana, akaiwamba kwa ngozi ya ng'ombe, akaikausha kwa moto wa makuti, na usiku ililia. Tangu siku hiyo alikuwa na wateja. Tumba hupigwa usiku nne au tano kwa juma, kwa mikono ya watu wenye nguvu, mbele ya watu wanaodai zaidi. Ngozi haikumaliza miezi mingi. Kwa mara ya kwanza katika ukoo wetu kuwamba kulileta pesa mwaka mzima, si msimu wa mavuno tu.

Kuna jambo aliliona kutoka mlango ule wa nyuma, ambalo alinieleza akiwa ananoa kisu na hakuinua uso. Wanamuziki wa bendi zile walikuwa waajiriwa. Walikuwa na mshahara, na wakati ule mshahara ulikuwa jambo la maana. Lakini magitaa, ngoma, saksafoni, vipaza sauti, vyote vilikuwa mali ya shirika. Mwanamuziki aliyegombana na uongozi aliondoka na nguo zake. Alikuwa mtu ambaye nchi nzima inaimba sauti yake, na hana hata kamba ya gitaa. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania, na kwa miaka mingi hakukuwa na redio nyingine ya kuzipiga Tanzania Bara. Sheria mpya ya hakimiliki ilikuja mwaka 1999, na COSOTA baada yake, wakati wengi wa watu wale walikuwa wameshazeeka au wameshazikwa.

“Mimi nilikuwa maskini kuliko wao,” mjomba alisema. “Lakini tezo ilikuwa yangu.”

*

Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya kuwapangia watu kazi, iliyojulikana mitaani kwa jina la Nguvu Kazi. Nchi ilikuwa imetoka vitani na Uganda, madukani hapakuwa na sabuni wala sukari, na serikali iliona mijini kuna watu wengi wasiozalisha. Wakazi walitakiwa waonyeshe kitambulisho cha kazi. Asiyekuwa nacho alihesabiwa mzururaji, na wazururaji walipakiwa kwenye malori kupelekwa vijijini wakalime.

Nafundisha mada hii kila mwaka. Naiandika ubaoni pamoja na vita vya Kagera na wahujumu uchumi, wanafunzi wananakili, tunaendelea. Sikujua kwamba mjomba alikuwa ndani ya lori mojawapo.

Alisimamishwa asubuhi, amebeba tumba begani anairudisha kwa mwenyewe. Akaulizwa: kazi yako nini? Akasema, nawamba ngoma. Akaulizwa tena: nimekuuliza kazi. Akarudia. Aliyemuuliza akamgeukia mwenzake akasema huyu anasema kazi yake ngoma, na wakacheka. Mjomba hakukasirishwa na lori. Anasema hata leo kwamba lori halikumuuma sana, maana lilimpeleka kwao. Kilichomuuma ni kwamba alisema kazi yake mara mbili, kwa Kiswahili, akiwa na ushahidi begani, na bado ikaonekana hajajibu.

Tumba ile ilibaki barabarani. Mwenye bendi alimdai ngozi na mti kwa mwaka mzima.

Aliponimalizia habari hii nilielewa kwa nini hakutaka niandike sanaa.

*

Kibaha alikuja miaka michache baadaye, na alikuja kwa hesabu. Mabasi yote ya kwenda Morogoro, Dodoma, Iringa na Mbeya yalipita pale. Kisarawe ilikuwa karibu kwa miti, Dar es Salaam karibu kwa wateja. Na Kibaha penyewe palikuwa na kitu kisichokuwepo Maneromango: taasisi. Watu wa Nordiki walijenga pale, kuanzia mwaka 1963, shule, kituo cha afya na kituo cha mafunzo ya wakulima, wakakabidhi kwa serikali mwaka 1970, na ndipo likazaliwa Shirika la Elimu Kibaha. Shule huleta walimu, walimu huleta makanisa na misikiti, na wote hao huleta shughuli. Bagamoyo nako Chuo cha Sanaa kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1981, na mwanafunzi wa ngoma hupasua ngozi kuliko mtu yeyote duniani.

Mjomba alifungua kibanda cha makuti. Wateja wake wa kwanza, kinyume na alivyotegemea, walikuwa kwaya. Kisha shule zinazojiandaa kwa mashindano. Kisha vikundi vya mwali, maana mwali hajaacha kutolewa, hata kama siku hizi anatolewa kwa gari lenye maua.

Miti ilibadilika. Babu alichagua mti msituni kama mtu anavyochagua shati. Leo misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwa mti wa msituni, na kusema kweli nje ya hifadhi mkaa ulishachukua mingi ya ile iliyokuwa inafaa. Mpingo ndio usiuulize. Huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia umri wa kuvunwa, na mbao zake nzuri husafiri kwenda Ulaya kuwa klarineti na obo. Mjomba hutumia miembe na mifenesi ya mashambani, miti iliyozeeka ambayo mwenyewe anataka kuing'oa ajenge. Kila kiwanja kinachopimwa Kibaha humpa gogo, na humwondolea mti mmoja wa baadaye. Ngozi anazitoa kwa wachinjaji wanaonunua mifugo mnada wa Pugu, na siku hizi ngozi ni rahisi kuliko gogo, jambo ambalo babu asingeliamini.

Mwisho wa mwaka 2018 Rais Magufuli alipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kwa shilingi 20,000 kila kimoja, kwa wale ambao mauzo yao hayafiki milioni nne kwa mwaka, mjomba alikuwa kwenye foleni kabla jua halijatoka. Majirani walimshangaa, kwa sababu ni mtu mgumu wa pesa. Bado anacho. Kimefungwa kwenye nailoni pamoja na kadi ya kliniki. Baada ya kusikia habari ya lori nilimwomba anionyeshe tena, na safari hii nilikishika kwa mikono miwili.

*

Nilirudi na fomu baada ya majuma mawili, nikiwa na historia yote hiyo kichwani, nikidhani nimekuja kutatua mstari mmoja. Nilikuta ugomvi.

Binamu na wenzake walikuwa wameamua mkopo ununue spika mbili kubwa, mashine na jenereta. Hesabu yao ilikuwa wazi. Shughuli za mitaani zinataka singeli, zinataka kigodoro, na mwenye spika huitwa kila mwisho wa juma. Kikundi kilikuwa kinapiga ngoma za mwali kwa kualikwa na kutunzwa, na kutunzwa si bei. Mjomba alikuwa amekaa ndani na mlango ameurudisha. Alisema hatatia neno, na ikaeleweka kwamba ameshatia.

Nilikaa na binamu kwenye benchi tukapiga hesabu nyuma ya bahasha. Ngoma moja ya wastani: gogo, kulibeba, ngozi, mafuta, siku nne za kazi. Akiuza shilingi 120,000, kinachobaki mkononi ni chini ya nusu, na mteja hatarudi isipokuwa kwa ngozi. Sasa tukahesabu ngoma hiyohiyo ikikodishwa. Shule moja inataka seti ya ngoma tano kwa juma moja la mashindano. Kwaya inataka tatu kwa mkesha. Hoteli ya Bagamoyo inataka seti nzima Jumamosi. Ngoma ile inatoka, inarudi, inawambwa, inatoka tena. Katika miezi michache imeshalipa bei yake, na mti bado ni wenu.

Binamu alinyamaza, kisha akasema jambo lililonifanya niweke kalamu chini. “Kaka, baba ametengeneza ngoma miaka hamsini. Hapa ndani hakuna hata moja ambayo ni yake.”

Ilikuwa kweli. Zilizokuwa zimepangwa ukutani zote zilikuwa za watu, zimekuja kuwambwa au zimeshalipiwa kianzio. Mzee aliyewaonea huruma wanamuziki kwa kutomiliki magitaa alikuwa amemiliki tezo tu, na tezo humpa mtu kazi, haimpi mapumziko. Babu hakuwa na ngoma ya kukodisha kwa sababu kijijini ngoma haikodishwi, inaazimwa. Mjini mjomba hakuwa nayo kwa sababu kila ngoma iliyokauka ilikuwa ada ya shule ya mtu. Mojawapo ya ada hizo ilikuwa yangu.

Tulimfuata ndani. Binamu alizungumza, mimi nilishika bahasha. Alimwambia: baba, tutanunua spika moja, si mbili, na hatununui jenereta, tutakodi. Pesa inayobaki tunanunua magogo na ngozi, wewe unasimamia, tunatengeneza seti mbili za ngoma, na hatuuzi hata moja. Anayetaka spika atapewa spika. Anayetaka ngoma atapewa ngoma. Anayetaka vyote, bei yake ni nyingine.

Mjomba aliuliza swali moja. “Nani atakuwa anaziwamba mimi nikifa?”

Kwa desturi ya Kizaramo ukoo hufuata upande wa mama. Mrithi wa mjomba ni mpwa, mtoto wa dada yake. Mwanawe mwenyewe ni wa ukoo mwingine. Wengi wetu ni Waislamu, na mirathi ya mali tunagawa kwa sheria ya dini, lakini tezo ya babu haikuwa mali ya kugawa. Ilikuwa yangu tangu nizaliwe, nami nimekwepa kuipokea tangu nilipopata cheti cha ualimu. Sijui kuchonga. Binamu anajua kukamua ngozi, kuikata, kupigilia mambo na kusikiliza kwa kidole kama imekaza, kwa sababu amekulia kwenye kibanda kile nami nimekulia kwenye madaftari.

Mjomba aliitoa tezo chini ya kitanda ikiwa imefungwa kwenye kipande cha kanga, akanipa mimi. Nilijua asingeweza kufanya vinginevyo. Nikaishika. Mpini umekuwa mwembamba katikati, mahali ambapo mikono ya watu wawili imeulia kwa karibu miaka mia.

“Ukishapewa ni yako,” alisema, akitazama nje barabarani. “Na chako unampa umtakaye.”

Nikampa binamu. Hakuna aliyesema kitu. Basi la Morogoro likapita, likapiga honi, na binamu akaiweka tezo kwenye rafu ya juu pamoja na patasi, mahali inapofikika.

Kisha tukakaa tukajaza fomu. Kwenye jina la mradi tuliandika kukodisha ngoma na vyombo vya muziki, maana spika nayo ni chombo. Kwenye aina ya biashara binamu alimtazama baba yake, na mzee akaimla mwenyewe, neno moja baada ya jingine, polepole, ili nisikosee: kuwamba ngoma.

Kikundi kilipata mkopo, pungufu ya kilichoombwa. Hadi ninapoandika haya seti moja imekamilika na ya pili iko nusu, marejesho ya miezi mitatu yamelipwa kwa wakati, na mwezi mmoja ulikuwa mgumu hadi nikachangia. Juma lililopita nilipita kibandani nikitoka kazini. Mjomba alikuwa ameketi kwenye benchi, anaota jua la jioni. Binamu alikuwa amewasha moto wa makuti, anakausha msondo mpya, anauzungusha mbele ya moto, anaupiga kidogo, anasikiliza, anauzungusha tena.

“Bado,” mjomba alisema, ingawa sikio lake lililo zima lilikuwa upande wa pili.

Binamu akaurudisha motoni.